Kasha la Njia Namba Saba

Jumamosi ile ukumbi wa Lubik wa boling, mchezo wa kuvingirisha tufe kuangusha pini kumi, kusini mwa Milwaukee, ulijaa watu kuliko siku yoyote ya miaka yake kumi ya mwisho. Hawakuwa wamekuja kucheza. Ukumbi ulikuwa unafungwa, na kila mtu alitaka kuondoka na kumbukumbu: matufe, viatu vyenye namba kisiginoni, taa za matangazo ya bia. Wazee waliokuwa wameususa ukumbi huo tangu wapate televisheni kubwa majumbani sasa walikuwa wakifuta machozi na kugombania viti. Mimi watu wa mji huu nawajua, huwa tunajaa upendo siku ya mazishi.

Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja alikuwa amepiga magoti juu ya njia namba saba, ule mkondo wa mbao wa kuvingirishia tufe, anagongagonga sakafu kwa vidole na kutega sikio. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la rangi ya chungwa la kuwindia kulungu alilorithi kwa baba yake. Jina lake Pheng Thao. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za maofisini, na starehe yake ilikuwa kuziunda upya mahali pasipotarajiwa. Alikwisha kuunda moja ndani ya sanduku la kuvulia samaki na nyingine ndani ya oveni mbovu. Kutulia hakukujua, hata mezani mguu wake ulikuwa ukitikisika hadi mama yake aukanyage.

"We kaka, umeangusha jino?"

Pheng aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu mwenye buti za kazi, jinzi iliyochakaa magotini na shati la kijani la kuchezea boling. Nywele zake, za rangi ya mahindi makavu, alizifunga kwa leso nyekundu, na penseli ilikuwa nyuma ya sikio. Kifuani shati lilidariziwa jina: Stan.

"Natafuta ubao, Stan."

"Stan ni marehemu baba yangu. Mimi Renata. Na ubao wa njia hii hauuzwi."

"Oh. Nisamehe, dada. Sikujua."

"Nimekusamehe. Ulikuwa unautakia nini?"

"Kutengenezea kasha la kompyuta."

"Kompyuta ndani ya mbao! Itaungua hiyo, na wewe ndani yake."

"Mimi nitakaa nje."

Renata alicheka kwa sauti hadi mzee mmoja aliyebeba tufe akageuka. Yeye alikuwa fundi wa mbao, anayevunja majengo ya zamani na kuokoa mbao zake. Alikuwa ameokoa mbao za makanisa na maghala ya watu, ila kipande kimoja cha njia namba saba, chenye ile mishale myeusi ya kulengea, hakujua akifanyie nini. Hapo ndipo baba yake alipomposa mama yake. Kwa maelezo ya Stan mwenyewe, mama huyo, Halina, alipokubali tu, yeye alirusha tufe na kuangusha pini zote kumi. Renata alipotaka kukifanya meza, mama yake alikataa kuweka vikombe vya kahawa juu ya mumewe.

Wiki mbili baadaye Renata alimpigia Pheng simu.

"Mama kakubali. Anasema kompyuta haina vikombe. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Kila mkato nauchora mimi. Nisipochora, hukati."

"Nisipochorewa, sikati. Na nikitaka kukuona, nako mpaka nichorewe?"

"Mdomo huo! Njoo Jumamosi, na uje na ile pilipili ya mama yako unayoisifu."

Basi walianza. Vuli yote gereji ya Renata ilinuka vumbi la mbao, kahawa na pilipili. Renata alichora, Pheng alikata, na katikati ya kuchora na kukata walipendana vibaya sana. Ubavuni mwa kasha walibakiza mishale mitatu. Pheng alipima feni na nyaya, akazunguka gereji, akarudi kupima tena alichokwisha pima.

"Kaa chini, mpenzi, unanipa kizunguzungu," Renata alikuwa akimwambia.

"Nikikaa nalala."

"Basi lala. Nikuchoree na kitanda?"

Siku ya kumwonyesha Mama Halina ilikuwa Jumapili ya mwanzo wa Desemba, mchana. Pheng alikuwa ameuhamishia kwenye diski ya mashine mkanda wa zamani wa video, uliopigwa na dada wa Halina siku ile ile ya posa. Halina hakuwahi kuutazama, kwa sababu ulikaa ghalani kwa dada huyo miaka yote. Asubuhi hiyo Pheng alikuwa bado anafunga kipozeo, kile chuma cha kunyonya joto, juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, na simu ameibana kati ya bega na sikio.

"Umekula?" Renata aliuliza.

"Nitakula kwenu."

"Umevaa nini?"

"Shati jeupe. Mama kalipiga pasi mara mbili. Wewe?"

"Gauni."

"Gauni! Wewe?"

"La bluu. Ukicheka narudi kwenye buti."

Pheng alicheka, skrubu zikamponyoka, akaziokota akiwa bado anacheka, akafunga kipozeo na kukimbilia garini.

Sebuleni kwa Halina walikaa watatu, na sahani ya pierogi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, katikati. Halina alipapasa mishale kwa kiganja. Mkanda ulianza: karamu, nywele kubwa za wakati ule, watu wakila soseji. Kisha Stan akatokea, kijana, akachukua tufe, akainama. Skrini ikawa nyeusi.

"Ni kitu kidogo," Pheng alisema, jasho likimtoka.

Aliiwasha tena. Ikazimika. Aliiwasha mara ya tatu, ikafika dakika ya kumi na moja, Stan akiwa ameinama na tufe mkononi, ikazimika. Mama Halina alisema haidhuru, akaenda jikoni, na huko wakamsikia akipenga kamasi.

Pheng alirudi nyumbani na mashine ikiwa imemkaa kifuani. Aligusa ndani, joto. Akajiambia ni mbao, mbao haipitishi joto, kasha linaikaba mashine. Angeweza kumpigia Renata na kumwomba achore. Lakini Renata alikuwa kazini mji wa Kenosha hadi Alhamisi, na Pheng kusubiri hadi Alhamisi hakuweza, kama ambavyo wewe huwezi kuzuia chafya. Jumatatu saa sita mchana alichukua keekee na msumeno wa duara, akatoboa ubavuni tundu la kutosha feni, katikati ya mshale wa kati. Akafunga feni, akawasha mashine. Dakika ya kumi na moja, ikazimika.

Alhamisi Renata alikuja na koti bado mwilini. Aliliona tundu kabla ya kumsalimia.

"Nani alichora hapa?"

"Renata, nilidhani..."

"Nimekuuliza nani alichora."

"Hakuna. Nilikuwa na haraka. Nilitaka mama yako aone—"

"Wewe una haraka siku zote! Mimi nilikupa kitu kimoja, Pheng. Kimoja! Ubao huo haupo tena duniani, na wewe umeutoboa kama unatoboa boksi!"

"Nilikuwa najaribu kuiponya mashine."

"Imepona?"

Pheng alitikisa kichwa.

"Sawa," alisema Renata, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kuna watu Duluth, kule kaskazini, wananitaka kazini, wanaopoa magogo ya zamani ziwani. Nilikuwa nimewakatalia kwa ajili yako. Naenda kuwaambia nimebadili mawazo."

Simu za Pheng, Renata hakuzipokea. Pheng alituma ujumbe asubuhi, akatuma mchana, akafuta, akatuma tena. Alizunguka jikoni kwa mama yake hadi mama huyo akamtishia kwa mchi. Mwishowe Jumamosi aliifungua mashine yote juu ya meza, skrubu moja moja. Kisha akanyanyua kipozeo.

Chini yake kulikuwa na karatasi nyembamba ya nailoni, angavu, yenye maandishi madogo mekundu: ondoa kabla ya kufunga.

Kwa wanaounda kompyuta hilo ndilo kosa la kuchekwa. Mgeni huonywa siku ya kwanza, kwa sababu nailoni hiyo ikibaki, joto la prosesa halina pa kwenda. Pheng mwenyewe alikuwa amewacheka watu kwa kosa hilo. Sasa aliikumbuka Jumapili ile, gauni la bluu, kicheko, skrubu zikidondoka. Mbao haikuwa na hatia yoyote, alikuwa ameitoboa bure.

Binamu yake, Chue, aliyekuja kula, alitazama nailoni, akatazama tundu, akapiga mluzi.

"Ibandue, uitupe. Mwambie tundu ndilo lililoiponya mashine. Sasa itawaka, si itawaka? Nani atajua?"

"Hakuna atakayejua."

"Basi umepona, ndugu yangu!"

Pheng alikaa kitako, na kwa mara ya kwanza mguu wake ulitulia. Akiusema uongo huo, Renata angemrudia kesho yake. Angelipapasa tundu lile na kumshukuru. Alijiona akishukuriwa, akaitia nailoni mfukoni.

Kesho yake, Jumapili, theluji ilikuwa ikianguka alipofika kwa Halina na kasha mikononi. Nje pikapu ya Renata ilikuwa inaunguruma peke yake, ikipasha moto injini, na nyuma imefungwa masanduku na misumeno. Renata alikuwa mlangoni, na funguo za nyumba mkononi.

"Nimechelewa, Pheng. Duluth ni mwendo wa saa saba."

"Dakika kumi na mbili tu. Kwa ajili ya mama."

"Mlete ndani, Renata," Halina aliita. "Baridi inaingia."

Pheng aliweka kasha mezani, akaunga nyaya, akawasha. Kisha akatoa mfukoni ile nailoni na kumkabidhi Renata.

"Nini hii?"

"Kosa langu. Nilitakiwa kuibandua kabla ya kufunga. Nilisahau, nilikuwa naongea na wewe. Ndiyo iliyokuwa inaizima. Ubao haukuwa na shida. Tundu nililitoboa bure."

Renata aliigeuza nailoni, akaisoma. "Yaani bila tundu ingewaka?"

"Ingewaka tangu siku ya kwanza."

"Na kama ungeniambia tundu ndilo limesaidia?"

"Ungeamini."

"Ningeamini kabisa," alisema Renata. "Kwa nini basi umeniambia?"

"Kwa sababu kila ukiugusa ubao huo ungekuwa unaugusa uongo wangu. Nimeshautoboa ubao wa baba yako. Sikutaka niutie na hilo."

Kwenye skrini watu walikuwa wakila soseji. Dakika ya tisa, ya kumi. Pheng alishika ukingo wa kiti. Stan akatokea, akachukua tufe, akainama. Dakika ya kumi na moja ikafika, ikapita, na Stan akarusha.

Tufe lilikwenda hatua chache, likayumba, likatumbukia mfereji wa pembeni. Pini zote kumi zilibaki zimesimama. Stan akageukia kamera akicheka, mikono juu kama bingwa.

"Mwongo!" Halina alipiga kelele. "Nilikuwa nimempa mgongo, nampigia mama simu! Miaka yote kaniapia zilianguka zote! Mwongo wangu mimi!" Akacheka na kulia kwa pamoja, akaomba mkanda urudishwe mwanzo.

Renata alitoka nje bila koti. Pheng alisikia mlango wa pikapu ukifunguka. Alidhani anaondoka, na hakuinuka. Kisha mngurumo wa injini ukakatika.

Alirudi na theluji nyweleni.

"Kile kisahani ulichotoboa kiko wapi? Umekitupa?"

Pheng alikitoa mfuko wa ndani wa koti. Kilikuwa duara la mbao ya mti wa maple, na kipande cha mshale mweusi katikati. Renata alikiweka mezani, akachukua kidole cha Pheng cha pete, akakipima kwa uzi wa leso yake. Alipima na chake. Halina alipunguza sauti ya mkanda.

"Duluth kuna baridi kuliko hapa," Renata alisema bila kuinua macho. "Mashine yako haitachemka."

"Unanialika mimi au mashine?"

"Mashine itakaa mbele. Wewe nitakutafutia nafasi."

Kisha alitoa penseli nyuma ya sikio, na juu ya kisahani, penye mshale, akachora miduara miwili midogo, mmoja mpana kidogo kuliko mwenzake. Akakisukuma mbele ya Pheng.

"Nimechora," alisema. "Kata."