Marahaba Iliyosahauliwa

"Itangazwe kwa watu wote, kuanzia Buhongwa mpaka Kiseke, na kwa samaki wote waliomo ziwani, kwamba Prudencia Rwehumbiza, Mhandisi Mkuu wa Klabu ya Kompyuta, hajawahi kukosea na hatarajii kuanza."

Tangazo hilo zito lilionekana Ijumaa asubuhi kwenye mlango wa bwalo. Aliyelibandika ni Prudencia mwenyewe, na alilibandika kwa uji kwa sababu gundi ilikuwa imeisha. Kabla kengele ya darasa haijalia, kuku wa matroni walikuwa wamekwisha kula nusu ya sentensi, na Mhandisi Mkuu alikuwa ameshikishwa fagio.

Hayo yalikuwa mambo ya kawaida. Prudencia alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni iliyo juu ya mawe ya Nyegezi, na wiki isiyo na adhabu aliiona imepita bure. Lakini akili alikuwa nayo. Hilo hata matroni hakulikataa.

Klabu yao, chini ya Mwalimu Renatus, ilikuwa imetengeneza mfumo endeshi mdogo, yaani programu inayoziongoza programu nyingine zote, kwa ajili ya kompyuta ya betri inayoenea kiganjani. Kompyuta hiyo ilikuwa ilinde vifaranga wa samaki aina ya sato wa Mama Nusrat, mama yake Abubakary, mwanaklabu mwenzao. Mama huyo alikuwa na tangi la zege karibu na ufuko, akilea vifaranga mpaka wawe wa kuuzwa kwa wenye vizimba ziwani. Umeme ukikatika, pampu inazimika, hewa majini inapungua, na kifaranga wa sato hajui kuvumilia. Kipimo cha hewa kingeishtua kompyuta, kompyuta ingepiga king'ora, na jirani, mzee Machibya, angekimbia kuwasha jenereta.

Abubakary aliandika sehemu ya kipimo cha hewa. Prudencia alipewa iliyo ngumu zaidi: kiendeshi cha kidhibiti, yaani programu inayokiongoza kile kidude kinachopokea ishara za vifaa vyote na kuikatiza kompyuta katika shughuli zake. Mwalimu Renatus aliwafafanulia kwa namna ambayo hakuna aliyeisahau.

"Kifaa hakiingii tu kwa kompyuta kama mbuzi jikoni," alisema. "Kinapitia kwa kidhibiti. Kidhibiti kinaiamkia kompyuta shikamoo. Kompyuta inaacha kazi yake, inahudumia, halafu mwishoni lazima iitikie marahaba. Isipoitikia?"

Abubakary alikisia kwamba kidhibiti kitaamkia tena.

"Hakirudii. Kina adabu kuliko nyinyi. Kitasimama palepale kusubiri marahaba yake, na nyuma yake hapiti mtu, hata nyumba iwe inaungua."

Ndiyo maana katika programu yao kila huduma ya ishara iliishia na amri moja waliyoipa jina hilohilo: marahaba.

Sasa, kwenye boksi la kompyuta kulikuwa na kitufe cha kujaribia king'ora. Ijumaa hiyo jioni, boksi likiwa lipelekwe kwa Mama Nusrat kesho yake, Prudencia alikipa kitufe kazi mpya. Badala ya king'ora, kingepiga mdundo wa ugali, ule ambao yeye mwenyewe huupiga kwa kijiko kwenye sahani kila chakula kinapochelewa: ta-ta, tatata, ta. Aliyekusudiwa ni Obedi, mwenyekiti wa klabu, ambaye angekibonyeza kwa mbwembwe mbele ya wageni watakaokuja kuliona tangini wiki inayofuata. Kengele ya kujisomea ililia Prudencia akiwa bado anacheka peke yake. Akahifadhi, akazima, akakimbia. Mwishoni mwa mdundo hakuandika marahaba.

Jumapili Mama Nusrat alikwenda msibani Buhongwa. Mchana umeme ukakatika. Mzee Machibya, ambaye nyumba yake inatumia sola na hakujua habari za umeme, alikuwa barazani akishona nyavu, sikio lake likiwa kwenye tangi. Hakusikia kitu. Mama Nusrat aliporudi alikuta maji yameota kama ngozi nyeupe. Walikuwa vifaranga wake. Wote walikuwa juu, wamelala ubavu, midomo wazi.

Boksi lilirudishwa shuleni jioni hiyo. Kabla Mwalimu Renatus hajalipima, Prudencia aliomba akikague kiendeshi chake, na hakukagua sana. Aliuona mstari ambao haukuwepo. Alifuta mdundo wa ugali, akarudisha king'ora, akaandika marahaba chini yake, kana kwamba ilikuwepo siku zote. Alijiambia atasema kesho.

Kesho ilipofika, Mwalimu Renatus alilijaribu boksi, likalia vizuri kila mara. Uongozi wa shule ukaona kama mambo ni hayo, basi kipimo cha hewa ndicho kigeugeu. Paredini, mbele ya shule nzima, ilitangazwa kwamba uzembe wa Abubakary umesababisha hasara, na kwamba amesimamishwa klabu. Abubakary hakubisha. Ni yeye aliyeandika sehemu ile, angebisha nini? Kwenye foleni ya uji Obedi alimwuliza kama leo amekuja kuua uji, watu wakacheka, na tangu hapo alikuwa akifika bwaloni wenzake wakiwa wameshatoka.

Siku moja alimfuata Prudencia nyuma ya maktaba. Alikuwa amekonda.

"Prude, nisaidie kutafuta. Nimeipitia mpaka macho yanauma, sioni kosa. Mama hanigombezi hata kidogo. Bora angenigombeza."

Prudencia alimwambia wataangalia pamoja. Hawakuangalia.

Jumamosi Mwalimu Renatus aliwashusha wanaklabu ufukoni kusafisha tangi, Abubakary naye akiwemo kama mwana wa nyumbani. Vifaranga walikuwa wamezikwa kwenye shimo kando ya ukuta, lakini harufu ilikuwa bado haijaondoka. Wanafunzi walimwamkia Mama Nusrat. Aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyelala, akawagawia brashi na ndoo, na mwanawe akampa brashi mpya kuliko zote.

Walipokuwa wakisugua, Mama Nusrat alimgeukia mwalimu.

"Kitu kimoja kinanishangaza. Mimi si mtu wa kuacha chombo bila kukijaribu. Asubuhi ile, kabla sijaondoka, nilibonyeza kitufe. Kikaniimbia vizuri tu."

"Kilikuimbia?" Mwalimu Renatus aliuliza.

Mama Nusrat alifudikiza ndoo tupu, akaigonga kwa vidole. Ta-ta, tatata, ta.

Brashi zote zilisimama. Hapakuwa na mwanafunzi asiyeujua mdundo ule. Abubakary aligeuka polepole. Mwalimu Renatus hakumtazama mtu mwingine.

"Prudencia. Baada ya mdundo huo uliandika nini?"

Mhandisi Mkuu alitafuta utani, kama alivyozoea kuupata. Safari hii hakupata.

"Sikuandika kitu, mwalimu. Marahaba sikuiandika."

Akaeleza yote: kitufe, Obedi, kengele ya kujisomea, na namna alivyofuta kila kitu. Mama Nusrat aliketi juu ya ile ndoo.

"Kumbe ningeondoka bila kukijaribu, wangepona," alisema.

Mwalimu Renatus aliweka brashi chini, akamgeukia Prudencia.

"Kusahau mstari ni kosa la fundi," alisema. "Mimi nimesahau mingi, na tunarekebisha. Utani nao naujua, nilisoma bweni. Lakini ulipokwisha kujua, mwenzako alikuwa amesimama mbele ya shule nzima akisubiri neno moja, na neno hilo lilikuwa kinywani mwako peke yako. Ukamwacha asimame. Kidhibiti kilivizuia vifaa vingine kwa sababu hakina moyo. Wewe unao. Ukweli unaouficha, Prudencia, hukai nao peke yako. Unawazibia njia na wengine."

Kabla ya kuondoka walifunga boksi upya. Mama Nusrat alibonyeza kitufe, king'ora kikalia hadi mzee Machibya akatoka mbio. Akabonyeza tena, na tena, na kila mara kikalia. Ilikubaliwa kwamba likizo yote Prudencia ataishi kwa Mama Nusrat, akilea vifaranga wapya. Njia nzima ya kupanda mawe kurudi shuleni, Abubakary hakumsemesha.

Jumatatu, paredini, Prudencia alisimama mbele akiwa na karatasi.

"Itangazwe kwa watu wote," alianza, na mistari ya nyuma ikaanza kucheka, kwa maana walimjua.

Aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Vifaranga wa mama yake Abubakary nimewaua mimi," alisema. "Abubakary hakukosea popote. Nilijua kabla hamjamtangaza, nikanyamaza."

Kicheko kilikatika. Aliutafuta uso wa Abubakary katikati ya mistari, akauona, ukiwa haumwambii kitu. Prudencia akasimama palepale mbele, akisubiri.