Kipumuzi Kilipokataa Kuwaka

Twaanza kwa jina la Yule aliyepuliza roho katika udongo, akawagawia viumbe pumzi zao bila mizani. Na rehema zimfikie Mtume wake, na aali zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo, hiki ni kisa cha mji wa Badri, uliojengwa juu ya uso wa mwezi, chini ya kuba la kioo.

Mwezini hakuna hewa. Kwa hiyo waanzilishi wa Badri walitengeneza mtambo wakauita Kipumuzi, na ajabu yake ni kwamba haukumwaga hewa ovyo. Ulimjua kila mkazi. Mtoto alipozaliwa, kompyuta ya mtambo ilisikiliza pumzi zake, ikamfungulia faili ndani ya diski, na tangu siku hiyo ikampelekea hewa chumbani kwa kipimo chake: nyingi akicheza, kidogo alalapo, yenye unyevu akishikwa na pumu. Wageni waliotoka duniani walistaajabu kuona pazia la chumba likienda na kurudi kwa mwendo wa kifua cha aliyelala.

Watu wa kisa hiki ni watatu, na adabu ni kumtanguliza mkubwa. Wa kwanza ni Mzee Makungu Shame, msimamizi wa maziko, aliyefiwa na mkewe Bi Raya. Wa pili ni Mhandisi Mwanamize binti Hamadi, mkuu wa Kipumuzi. Wa tatu ni fundi wake, Ussi Pandu, hodari wa kazi na hodari zaidi wa maneno.

Mtambo ule ulikuwa na mngurumo mzito. Wazee waliona si adabu maiti kusomewa talakini katikati ya kelele, ikawa desturi kuuzima kwa muda wa maziko, maana hewa ya akiba ndani ya kuba ilitosha. Ulikuwa na njia yake ya kuzimwa: huamriwa, ukafunga mafaili yote, moja baada ya jingine, kisha ukalala. Lakini njia hiyo ilikuwa ndefu, jeneza liko mabegani, na maiti hacheleweshwi. Mzee Makungu akazoea kushika mkono wa swichi ya umeme na kuuvuta chini mara moja.

Alasiri moja, baada ya kuzikwa mshona kofia wa soko la chini, aliurudisha mkono juu, na Kipumuzi hakikuwaka. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maandishi kwamba diski ina hitilafu na inakaguliwa. Ukaguzi ulikwenda hadi karibu na mwisho, ukakwama, ukarudi mwanzo. Ukaenda tena, ukarudi tena.

“Kama mtoto wa chuoni aliyesahau sura,” alisema Ussi. “Mpaka bakora imfike.”

Mwanamize hakucheka. Mshale wa hewa ya akiba ulikuwa ukishuka, na mjini watu waliambiwa wakae chini na wabembeleze watoto walale. Ussi alishauri waruke ukaguzi. Ni kubonyeza mara moja tu, kompyuta ingeendelea kuwaka. Mhandisi akamweleza kwamba kompyuta haijikagui kwa kupenda. Hujikagua kwa sababu ilizimwa kabla ya kumaliza kuandika, na sasa haijui lipi katika maandishi yake ni kweli. Kuiwasha hivyo hivyo ni kumkabidhi hewa ya mji mzima mtu asiyejua kama yu macho au anaota.

Ndipo moyo wa Mwanamize ulipoanza kumdunda, si kwa hofu bali kwa furaha ya fundi aliyeuona mlango. Mkeka haushonwi na aliyeukalia. Na diski haitengenezwi na kompyuta iliyowaka kwa diski hiyo hiyo. Akachomeka diski ya akiba, akaiamsha kompyuta kwa hiyo, akaiingia ile iliyougua kutoka nje. Ukaguzi ukapita pale ulipokuwa ukikwama. Ussi aliacha mzaha, akawa anasoma kwa sauti kila kosa lililojitokeza, na Mzee Makungu akasogea karibu.

Kila kosa lilikuwa jina. Fundi wa saa. Mama wa mapacha. Mshona kofia aliyezikwa mchana ule. Kila alipofariki mtu, kompyuta ilianza kulifunga faili lake saa ya maziko, na katikati ya kulifunga ndipo umeme ulipokatwa. Mafaili hayo yakabaki hayakufungwa wala hayako wazi. Na Kipumuzi, kwa uaminifu wake, kiliendelea kupeleka hewa vyumbani mwao.

“Tumekuwa tukiwapulizia wafu,” alisema Ussi polepole.

Dawa ilikuwa nyepesi: kompyuta iliuliza juu ya kila faili kama lifungwe, na jibu ni ndiyo. Mwanamize akaenda kwa kasi, jina baada ya jina, kila moja akiliombea rehema na Ussi akiitikia amina. Likaja la Bi Raya. Mzee Makungu akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mhandisi.

“Hilo liache, mwanangu.”

Akasema kwamba tangu mkewe afariki, pazia la chumba chake halijatulia. Kila alfajiri hukaa ukingoni mwa kitanda akalitazama likienda na kurudi, kwa mwendo ule ule aliolala kando yake maisha yote. Aliitakidi kuwa ni rehema aliyoteremshiwa. Hakumwambia mtu.

“Moja tu,” alisema. “Hewa ya mtu mmoja ni kitu gani?”

“Si hewa, babu,” alisema Mwanamize. “Hewa ningempa yangu. Likibaki hivi, ukaguzi utakwama hapa hapa, na Kipumuzi hakitawaka. Ningeweza kulifunga mimi, lakini mke ni wako. Nakuomba ruhusa.”

Nje ya ukuta mtoto alianza kukohoa, na mwingine akafuatia. Mzee Makungu aliwasikiliza.

“Kaburi lake nililiharakisha,” alisema, “buriani nikaichelewesha.” Akabonyeza yeye mwenyewe.

Ukaguzi ukafika mwisho. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, na mngurumo ukapanda kutoka chini ya sakafu hadi ukatikisa vikombe. Upepo ukapita njiani, kuba zima likajaa takbira. Ussi akavua kofia akaitupa juu, na kwa kuwa mwezini vitu havina haraka ya kuanguka, ilikawia huko huko huku watu wakicheka.

Kicheko kilikuwa kingali mdomoni pale simu zilipoanza kulia. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini chumba cha mwanawe kimenyamaza. Mwingine aliuliza vivyo hivyo juu ya mumewe. Kumbe walikuwa wengi, na kila mmoja aliificha neema yake.

Mwanamize akajitanda mtandio, wakatoka yeye na Mzee Makungu, nyumba kwa nyumba, kuwapa watu mkono wa tanzia kwa misiba iliyokwisha kuanuliwa matanga. Kwenye mlango wa kwanza mhandisi alikuwa ametayarisha maelezo ya diski. Mzee akamtangulia.

“Na wangu ametulia leo,” alisema, na mwenye nyumba akawafungulia mlango wote.

Ewe Mola, waliotangulia uwape utulivu, kwani safari yao imekwisha. Na sisi tuliobaki, tunaovuta pumzi tusizozijua idadi, utubariki katika kila inayoingia na kila inayotoka, na utujaalie majirani wa kutufungulia mlango. Amina.