Usinipigie, Uliza Programu

Walikutana kwenye foleni ya fotokopi, saa ambayo kila mtu ana haraka na hakuna anayetaka kusogea. Fundi wa kompyuta, shati limechomekwa upande mmoja tu, alimkanyaga mchapaji wa ofisi ya wakili, na kiatu chekundu kikang'oka kisigino.

"Samahani, dada."

"Samahani itakishona?"

Fundi alikipeleka kushonwa mwenyewe, yule dada akabaki kasimama mguu mmoja huku akimsema. Tangu siku hiyo Fundi akamwita Pilipili, naye akakubali kuitwa.

Mapenzi yakanoga miezi saba. Kilichoyaharibu ni programu ya kuandikia.

Wakili, bosi wake Pilipili, alikuwa na kompyuta kuukuu, basi Fundi akaweka programu nyepesi isiyotumia kipanya. Kila kitu ni kubonyeza amri. Pilipili aliichukia toka siku ya kwanza. Ikimgomea kidogo tu, simu.

"Mpenzi, limdude lako limeganda!"

"Nakuja, malkia wangu. Usilipige."

Akaja mbio, siku nyingine hata mara tatu. Halafu ghafla, wala hawakugombana, akageuka.

"Usinipigie tena kazini. Uliza programu. Andika nukta mbili, halafu help, msaada utafunguka." Akakata.

Pilipili aliitazama simu kama imemtemea mate. Yeye aambiwe akazungumze na mashine? Kumbe amekuwa mzigo! Akamtumia ujumbe mmoja: nisikuone. Fundi alipiga jioni ile, akapiga na kesho yake, hakupokelewa. Na ule msaada Pilipili hakuugusa wiki mbili nzima. Heri akosee mpaka achoke kuliko kumtii mwanamume yule.

Ndipo ikaja asubuhi ya hati ya kiapo. Kurasa arobaini, zinatakiwa mahakamani saa tano. Saa nne na nusu, kwa hasira na haraka, vidole vikabonyeza visivyotakiwa. Kioo kikawa cheupe. Hakuna hata neno moja lililobaki.

"Hati iko wapi?" Wakili alifoka kutoka chumba cha pili. "Nikiikosa leo, kesho usije!"

Mama yake na wadogo zake wawili walikula kwa kazi hii. Akamtukana Fundi kimoyomoyo tusi zito kabisa, kisha akaandika nukta mbili na help.

Ukurasa ukafunguka, Kiswahili kitupu. Juu kabisa: *Msaada wa Pilipili.* Chini yake maswali yake mwenyewe, yale yale aliyokuwa akiyapiga kelele kwenye simu. *Limeganda. Linalia tu. Herufi zote zimekuwa kubwa.* La nne: *Nimefuta kila kitu.*

*Usilie, na usizime kompyuta. Andika amri hii, maandishi yatarudi kama yalivyokuwa dakika kumi nyuma.*

Akaandika. Kurasa arobaini zikarudi zote. Akalia vilevile.

Mwisho wa ukurasa palikuwa na maneno machache. *Wakili kaniambia ukiniita tena atakufukuza. Ningekwambia ungemvaa, ufukuzwe siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nimeandika haya saa tisa usiku, nije kuyaweka humu kabla hujafika.*

Alichapisha hati, akamtupia Wakili mezani, akapiga simu.

"Mjinga wewe! Wiki mbili nakuchukia bure!"

"Pilipili wangu..."

"Usiniite hivyo! Nani kakwambia mimi nitamvaa mtu?"

"Si unanivaa sasa hivi?"

Wakili akatokea mlangoni, miwani puani. "Si nilimwambia fundi usimwite tena?"

"Sijamwita fundi."

"Hiyo hati uliiokoaje? Nilikuchungulia, kioo kilikuwa cheupe. Na huyo kwenye simu ni nani?"

Pilipili akanyanyuka. Alikuwa amevaa viatu vyekundu, kisigino kile kile.

"Kazi yako unayo mkononi, mzee. Huyu ni mchumba wangu, na namgombeza kwa salio langu."

Wakili akatazama saa, akatazama hati, akaondoka mbio kwenda mahakamani.

Sauti ya Fundi ikatoka kwenye simu.

"Umesema mimi ni nani wako? Rudia, tafadhali."

"Sirudii," alisema Pilipili, anapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Kama hukusikia, soma msaada."