Dengu za Mayala Zinakwenda India

Mwaka huo shamba la Mayala la mbugani lilikuwa na baraka. Mvua za mwisho ziliacha unyevu mzuri kwenye udongo mweusi, na dengu zikastawi bila kudekezwa. Kila asubuhi mkewe, Juliana, alipepeta uani. Mayala alijaza magunia na kuyasifia kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Yalifika kumi. Baada ya wiki tatu yangepelekwa kwenye ghala la ushirika, hapa kwetu Didia, mkoani Shinyanga, yakasubiri mnada.

Siku moja Juliana alichota dengu kutoka gunia la kwanza. Baadhi zilikuwa na matundu.

"Baba Limi, njoo uone! Fukusi wameshaingia."

Mayala alishika kichwa. Mwaka jana wadudu hao walimharibia karibu mavuno yote.

Sisi wakulima wa pamba tuna ugonjwa wetu. Tukiona mdudu, mkono unakimbilia dawa ya pamba. Mayala alitoa chupa iliyobaki msimu uliopita, akalinyunyizia lile gunia, akakoroga kwa mti.

"Hiyo si dawa ya kuweka kwenye chakula!" Juliana alimwambia.

"Za kula sisi nimeziweka pembeni. Hizi zinakwenda India. Atakayezila simjui, na yeye hanijui."

Jirani yao, Januari, alikuwa akipita. Naye dengu zake zilianza kutobolewa. Mayala akampa dawa iliyobaki. Ujirani ni kusaidiana, au siyo?

Kesho yake alifika Violeth, afisa ugani wa kata, amebeba mifuko minene ya nailoni.

"Shikamoo, Baba Limi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Violeth alikaa, kisha akanusa. "Mbona hapa pananuka dawa ya pamba?"

Mayala aliangalia kuku. Juliana ndiye aliyeeleza habari ya lile gunia.

Violeth hakugomba. Kivulini alikaa mama yake Mayala, ameshika pakiti ya dawa ya presha.

"Bibi, naomba niione dawa yako." Aliigeuza pakiti, akasoma. "Baba Limi, dawa hii imetengenezwa India."

"India hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Sisi tunawauzia dengu, mbaazi na korosho. Wao wanatuuzia dawa, bajaji na mashine. Ndiyo biashara ya nchi na nchi. Sasa fikiria mtu aliyetengeneza vidonge hivi. Je, kama naye angesema, 'Atakayevimeza simjui'?"

Mayala alimtazama mama yake. Kidonge kilikuwa tayari mdomoni. Aibu ilimshika, ikamshika kweli kweli.

"Ghalani dengu za watu wote zinachanganywa," Violeth aliendelea. "Zikifika bandarini kwao zinapimwa. Wakikuta sumu, wanaweza kukataa mzigo mzima, wakaenda kununua kwa wengine. Na wasipoigundua, kuna watoto watakaozila."

"Sasa fukusi niwafukuze kwa maombi?"

Violeth alicheka. "Omba, lakini anika kwanza! Jua la Shinyanga halina bei. Tandaza dengu juu ya turubai, siyo chini. Zikauke mpaka ukiing'ata moja ipasuke. Toa zilizotobolewa. Kisha tumia mfuko huu wa tabaka tatu. Ujaze, ukamue hewa yote, ufunge kila tabaka peke yake, kwa nguvu. Mdudu akikosa hewa anakufa. Na usiwe unafungua kuchungulia!"

"Na lile gunia?"

"Asile mtu, wala ng'ombe, wala kuku. Lifunge, liweke mbali na watoto. Nitakuja na wenzangu wa wilaya tuliharibu kwa utaratibu."

Mayala na Juliana walianika, wakachambua, wakafunga. Gunia lenye dawa lilichukuliwa. Lakini kwa Januari, kumwonya, Mayala hakwenda. Kila siku alisema atakwenda kesho, na kila kesho ilikuwa na kesho yake.

Siku ya kupeleka dengu ghalani ikafika. Mifuko tisa ya Mayala ilipofunguliwa, hakukuwa na fukusi hata mmoja aliye hai. Mbele yake katika foleni alikuwa Januari, na magunia manane kwenye mkokoteni. Karani wa ghala akaita, "Januari, leta mzigo!"

Dengu zile zikishamwagwa, hakuna ambaye angeweza kuzitenga tena.

"Karani, subiri!" Mayala alisema kwa sauti. "Zina dawa ya pamba. Mimi ndiye niliyempa. Yeye hakujua ubaya wake."

Januari aligeuka, macho yamemtoka.

"Wiki tatu, Mayala! Wiki tatu unanisalimia tu?"

"Niliona aibu, ndugu yangu. Nisamehe. Umeweka kwenye magunia mangapi?"

"Mawili."

"Yashushe. Chukua gunia moja la kwangu. Hasara tugawane."

Januari alikuwa bado amekasirika. Kisha akayashusha yale mawili, akalipokea gunia la Mayala. Nyuma yao mama mmoja akavuta gunia lake nje ya foleni. Mzee mwingine akafanya vivyo hivyo. Karani hakuwauliza kitu.

Dengu za Didia ziliuzwa mnadani kwa bei nzuri, zikasafiri. Miezi miwili baadaye Violeth alitangaza kwenye mkutano wa ushirika: mzigo ulipimwa ukapita, na wanunuzi wameomba dengu nyingine msimu ujao.

Mayala alirudi nyumbani mbio.

"Mama Limi! Wamezipokea!"

"Akina nani?"

"Wenzetu wa India."