Kilo za Jumamosi

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Tecla, karani wa kituo cha majani cha Kapsirgoi, alifungua mlango na harufu ya kuoza ikampiga usoni. Majani chai ya Jumamosi, kilo elfu tatu na mia mbili, yalikuwa bado sakafuni, yameungua kwa joto lao yenyewe hadi yakawa mekundu. Wakulima zaidi ya mia walichuma kutwa na lori halikuja. Tecla alikasirika.

Saa tatu alifika kiwandani. Meneja, Kipngeno, alikuwa ameshapata mwizi wake: Okello, dereva. Kompyuta ya usafiri ilikisia kila siku kilo za kila kituo, kisha ikagawa malori. Jumamosi kompyuta ilikuwa imemtoa Okello Kapsirgoi ikampeleka Simotwet, kituo kilichopangiwa lori kila Jumamosi, kubeba kilo elfu mbili na mia nne, naye akarudi mtupu, na Kipngeno akaamua ameyauza majani njiani. Kipngeno alikuwa ameshawapigia wakulima simu kuwaambia ni yule mtu wa ziwa, yule Mjaluo. Polisi wangefika saa nane.

"Uliuza majani wapi?" Tecla akamuuliza Okello, aliyeketishwa kwenye benchi nje ya ofisi.

"Sijauza kitu. Nilifika Simotwet saa tisa nikapata kufuli. Hakuna mtu, hakuna jani. Nilisikia tu watu wakiimba huko juu."

"Watu wangu wanangoja na majani, wewe unasikiliza nyimbo."

"Basi enda uulize. Mimi polisi wakinibeba, nani atauliza?"

Hilo lilimchoma. Akapanda pikipiki, na saa tano akamkuta Nelvine, karani wa Simotwet, akifagia kituo.

"Jumamosi mlifunga mkauzia nani majani?" Tecla akafoka.

"Majani gani, dada? Huku kote ni Sabato. Jumamosi tuko kanisa, hakuna mtu anagusa chai. Tunachuma Jumapili."

"Na hilo lori lenu la kila Jumamosi?"

"Sijawahi kuliona. Jumapili ndiyo tunaomba lori, na linakuja Jumatatu."

"Mathew wa usafiri hajui hivyo?"

"Huyo hajawahi kukanyaga huku. Anapangia huko kwa ofisi."

Saa saba na nusu Tecla aliingia kwa meneja bila kubisha hodi. Mathew, ofisa wa usafiri, alikuwepo. Tecla akadai karatasi za makadirio za miezi mitatu, akazitandaza mezani. Simotwet: kila Jumamosi kilo elfu mbili na mia nne. Kila Jumapili, sufuri.

"Nani anaweka hizi namba?"

"Kompyuta inakisia yenyewe," Mathew akasema.

"Inakisia kwa kile umeilisha. Simotwet ni Sabato, Mathew. Hawajawahi kuchuma Jumamosi. Bosi, angalia ni lori gani lilikuwa likitumwa huko."

Kipngeno akafunua daftari la safari. Kila Jumamosi ni lori lilelile la kukodi, na kila safari imetiwa sahihi na Mathew kwamba imefanyika. Jumamosi iliyopita tu lilikuwa limeharibika mjini Litein asubuhi, na kompyuta ikampa Okello safari hiyo.

"Lori la nani?" Kipngeno akauliza.

Mathew akaanza kukusanya karatasi mezani. "La shemeji yangu."

Kiwanda hukodi lori pale tu kilo zinapozidi uwezo wa malori yake. Mathew alibuni kilo, na shemeji akalipwa safari ambazo hakuzifanya.

"Na mbona hukubuni za Jumapili?" Tecla akauliza.

"Jumapili ni siku ya Mungu. Nani anachuma chai Jumapili?"

"Simotwet."

Polisi walipofika walimchukua Mathew. Kipngeno akatoka hadi kwenye benchi. "Sawa, Okello. Rudi kazini."

Okello hakuinuka. "Uliwaambia wakulima ni mimi. Twende uwaambie si mimi."

Meneja akatazama saa, akasema atawapigia kesho. Tecla alikuwa ameshafungua mlango wa lori.

"Panda, bosi. Tena uje uyashike hayo majani kwa mkono wako."

Kipngeno akapanda, Okello akashika usukani. Kapsirgoi walikuwa wanangoja watu zaidi ya mia, na hakuna aliyekuwa ameketi.