Kisima Kilichoandikwa Hakipo

Mchoro wa viwanja ulikuwa umelowa. Noeleen Pengilly aliutoa kwenye droo Jumatatu asubuhi, maji yakamdondokea viatuni. Mulgabie, ukingoni mwa jangwa la Australia, mvua ilikuwa haijanyesha miezi kumi na moja.

"Warwick! Umeumwagia chai mchoro wako?"

"Chai gani?" mumewe alijibu kutoka chumba cha pili. "Chapa mwingine."

Alichapa mwingine. Alipouweka mezani akanusa harufu ya udongo baridi na mawe yenye ukungu, na nyuma yake, hafifu, harufu ya ngamia.

Kazi ya Warwick Pengilly ilikuwa kuwapitishia watu maombi ya ujenzi na ugawaji wa viwanja kwenye halmashauri. Kwa miaka ishirini hakuna ombi lake lililokataliwa. Safari hii ardhi ilikuwa yake mwenyewe, ekari mbili nyuma ya nyumba, na alitaka kuigawa viwanja vinne. Kikwazo kilikuwa kisima kilichojengwa katikati na waendesha ngamia wa Kiafghani, zamani. Ardhi ikiwa na kitu cha kale, ombi hupelekwa mji mkuu, na huko hulala mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo Jumapili Warwick alikodi katapila akakifukia. Alitupa humo kifusi cha matofali, sinki la choo na friji mbovu, kisha akasawazisha udongo juu.

Jirani yao, Bi Myrtle Sherkhan, alikuwa amesimama kwenye uzio tangu katapila liliponguruma. Alikuwa na miaka themanini na mbili, na babu yake alikuwa mmoja wa waendesha ngamia wale.

"Bwana Warwick, umeomba ruhusa kwanza?"

"Kwa nani, Bi Myrtle? Ardhi yangu."

"Humo mna wenyewe. Babu yangu hakuteka hata ndoo moja bila kuwasalimu."

Warwick alicheka hadi akashika kiuno. "Basi waambie walete pingamizi kwa maandishi. Wana siku kumi na nne, kama raia wengine."

Jioni ya Jumatatu hiyo Noeleen alikaa kwenye kompyuta kujaza fomu. Swali la kumi na tisa liliuliza kama kuna kisima, kaburi au jengo la kale kwenye eneo.

"Warwick, hapa nijibu nini?"

"Unaona kisima, wewe?"

"Jana nilikiona."

"Na leo?"

Noeleen alicheka, akapeleka kidole kwenye *Hapana*, akabonyeza.

Siku ya kumi na tatu pingamizi lilifika. Tamsin Liebelt, afisa mipango wa halmashauri, alilikuta mezani kwake asubuhi, ofisi ikiwa bado imefungwa. Lilikuwa karatasi moja inayochuruzika maji, yenye maandishi ya kutoka kulia kwenda kushoto. Alimwita Bi Myrtle amsomee. Yule bibi aliipitia mara mbili.

"Imeandikwa: *Jibu la kumi na tisa ni uongo. Sisi tupo. Tunakufa.*"

"Nani ameandika?"

"Mwanangu, usiniulize."

Kwenye kikao cha madiwani Warwick alisimama, huku Bi Myrtle amekaa kwenye kiti cha mbele, mkoba wake magotini. "Waheshimiwa," alisema, "mwenye pingamizi hana jina, hana anwani, na inaonekana hana hata taulo. Naomba tusipoteze muda kwa ndoto za bibi mzee ambaye babu yake alilala na ngamia." Ukumbi ulicheka. Bi Myrtle aliangalia chini. Ombi lilipita kwa kura saba dhidi ya mbili. Sharti lilikuwa moja, ijengwe njia ya zege ya kuviingilia viwanja vyote vinne. Njia hiyo, kwenye mchoro, ilipita katikati kabisa.

Zege lilimwagwa. Siku lilipokauka, Noeleen aliomba maji.

Alikunywa jagi zima, akaomba lingine. Kufikia adhuhuri alikuwa ameinamia bomba la jikoni, akinywa bila kupumua, na midomo yake ilikuwa inapasuka kwa ukavu. Usiku alikohoa, na asubuhi Warwick alikuta juu ya mto wake kipande cha tofali, kidogo kama punje ya hindi, chenye damu.

"Nimefunikwa," Noeleen alisema. Sauti yake ilitoka mbali, ikiwa na mwangwi. "Warwick, mbona nimefunikwa?"

Daktari alimpiga picha ya kifua, hakuona kitu. Siku ya pili alikohoa vipande vitatu. Siku ya tatu alikohoa kigae cheupe cha sinki chenye ncha kali, na Warwick alikitambua, akakificha mfukoni kabla nesi aliyekuja nyumbani hajakiona. Siku ya nne, Jumatano, alikwenda kugonga mlango wa Bi Myrtle. Bibi hakumkumbusha kikao. Alichukua bakuli la maji na mtandio wake, akaja.

Alikaa kitandani, akaweka kiganja kwenye paji la Noeleen, akasoma aya alizofundishwa na babu yake, taratibu, na kadiri alivyosoma ndivyo ukuta wa chumba ulivyoanza kutoa jasho, matone yakateremka juu ya picha ya harusi, hewa ikajaa ile harufu ya ngamia na ukungu, na mdomo wa Noeleen ukafunguka bila ulimi kusogea.

"Tulikuwa saba," sauti ikasema. "Nimebaki mimi. Wanangu wapo chini ya friji."

"Unataka nini?" Bi Myrtle aliuliza kwa kunong'ona.

"Zege livunjwe, kisima kifukuliwe. Kesho Alhamisi, kabla jua halijazama. Lisipovunjwa, mimi nitakaa humu, na huyu atakaa kule. Mkono wake ndio ulioandika kwamba hatupo."

Noeleen akafumba mdomo, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe.

Sebuleni Warwick alikuwa akitembea huku na huku. "Ijumaa saa tatu asubuhi Tamsin anakuja kukagua njia na kuleta cheti. Akishapiga muhuri, saa nne navunja. Naapa."

"Bwana Warwick, Alhamisi inaitangulia Ijumaa."

"Masaa kumi na tano tu! Nikivunja kabla, nitaulizwa kwa nini. Ile fomu ina saini yangu, Bi Myrtle. Watu wanafungwa kwa uongo wa namna ile. Hata jini ataelewa masaa kumi na tano."

"Nipe mimi nyundo."

"Ukigusa zege langu nitaita polisi."

Alhamisi alikaa kando ya kitanda ameshika mkono wa mkewe. Noeleen hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Mwanga wa dirishani ulipogeuka mwekundu alimvuta kwa vidole viwili.

"Vunja, Warwick. Tafadhali. Naanza kuona giza la huko."

"Kesho, mpenzi. Kesho asubuhi kabisa."

Alimtazama mumewe hadi jua lilipozama. Kisha akatulia. Kisha akaketi, akajipangusa damu mdomoni, akasema kwa sauti safi, "Nina njaa." Warwick alimkumbatia, akalia kwa furaha. Mwili wake ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Asubuhi Tamsin alikuja na cheti. Mama mwenye nyumba alimkaribisha kwa skonzi na jamu ya aprikoti. Walipotembea juu ya zege, Tamsin alisimama ghafla.

"Mmesikia? Kama mtu anagonga."

"Zege jipya hulia likipata jua," yule mwanamke alisema, akatabasamu. Tamsin alipiga muhuri.

Gari lake lilipopinda kona Warwick alichukua nyundo kubwa akakimbia nayo, akapiga magoti katikati ya njia, akaweka sikio, na kutoka chini, chini sana, chini ya zege na udongo na matofali na friji, alisikia kikohozi alichokuwa amelala nacho kitanda kimoja kwa miaka ishirini na sita, na baada ya kikohozi jina lake, na baada ya jina lake mikwaruzo ya kucha kwenye bati, na jina lake tena.

"Ukivunja, cheti kinafutwa," sauti ikasema kutoka mlangoni kwake. "Watakuuliza ulijuaje kuna kitu humo. Utajibu nini?" Yule mwanamke alikuwa anafuta mikono kwa aproni ya Noeleen. Hakuwa na hasira yoyote usoni. "Nimekaanga mayai. Yanapoa."

Warwick alibaki amepiga magoti mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha akaiegemeza nyundo ukutani, akaingia ndani kula.

Bi Myrtle alikwenda halmashauri. Tamsin alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima. "Lakini Bi Noeleen mwenyewe alikuja jana," alisema. "Mzima kabisa. Ametuandikia kwamba unawasumbua." Bi Myrtle alikwenda polisi, nao wakamrudisha nyumbani kwa gari na kumshauri apumzike. Usiku huo alijaribu nyundo ya marehemu mumewe. Zege halikutoka hata vumbi, na bega likamtoka mahali pake.

Kwa hiyo alifanya alichoweza. Kila alasiri, magari ya wanunuzi wa viwanja yakiwa hayapo, alijilaza kifudifudi kwenye ile njia, mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, na kuzungumza na aliye chini. Siku ya tisa sauti ilikuwa imekuwa nyembamba kama uzi.

"Bi Myrtle? Warwick anajua kwamba yule si mimi?"

Dirisha la jikoni kwa Pengilly lilikuwa wazi. Watu wawili walikuwa wanacheka humo, na kijiko kilikuwa kinagonga kikombe.

"Hajui, mama," Bi Myrtle alisema, midomo ikigusa zege.

Chini kucha ziliacha kukwaruza bati.

"Nilijua," Noeleen alisema. "Angejua, angeshavunja."