Moduli Zisizoelewana

Jumapili ni siku ya Mama Pacha kupiga pasi sare za wanawe na kugombana nao juu ya soksi. Jumapili hii pasi ilibaki baridi. Alikuwa kazini hospitalini, amepiga magoti katika chumba cha seva, akikodolea macho taa isiyowaka.

Yeye ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali. Seva ndiyo ghala la picha za wagonjwa wote. Kesho saa mbili asubuhi baba mkwe wake angepasuliwa, atolewe uvimbe kichwani. Daktari alitaka picha zimjie moja moja kwenye skrini ya chumba cha upasuaji, jengo la pili, huku akikata.

"Bila picha sishiki kisu," daktari alisema. "Na uvimbe huu hautatungoja."

Waya wa zamani, wa shaba, ulikuwa mzito kufikisha picha. Kwa hiyo ikanunuliwa swichi mpya, kile kisanduku kinachogawa mawasiliano, ikafungwa jengo la pili. Mama Pacha akapewa kazi ya kuvuta faiba, waya wa kioo unaobeba mwanga, kutoka kwenye seva hadi kwenye swichi. Njia ilikuwa bomba jembamba chini ya ua. Akaifunga faiba kwenye ncha ya waya wa zamani, akavuta. Wa zamani ukatoka, mpya ukaingia.

Sasa mpya ulikuwa bubu. Wa zamani ulilala sakafuni kama nyoka aliyekufa, na haukuwa na pa kurudi, maana bomba lilikuwa la waya mmoja tu.

Simu ikalia. Alikuwa mumewe, yuko wodini na mgonjwa.

"Baba anauliza kama umemaliza."

"Mwambie nakaribia."

"Mbona sauti inatetemeka?"

"Ni baridi ya chumba hiki."

Alipokata simu, viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho. Akampigia jirani yake, Bi Nyaya, aliyefunga mitambo ya mawasiliano miaka thelathini. Nusu saa haikupita, Bi Nyaya akaingia na mkoba wake begani.

"Shikamoo, Bi Nyaya."

"Marahaba. Mbona umenywea kama kuku aliyemwagiwa maji?"

"Bi Nyaya, nimemuua mzee wa watu."

"Hebu! Mzee yuko wodini anakunywa chai. Kitendawili!"

"Jamani, saa hizi?"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Pacha wangu wamevaa nguo moja, lakini ukiwakutanisha hawasalimiani."

Bi Nyaya akachomoa kutoka kwenye seva kidude cha chuma, kidogo kuliko kidole gumba.

"Moduli hizi. Ndizo zinazogeuza umeme kuwa mwanga. Umenunua za kasi gani?"

"Gigabiti ishirini na tano kwa sekunde. Kadi ya mtandao ya seva inakubali ishirini na tano."

"Na swichi?"

Mama Pacha akafungua kitabu cha swichi. Kidole chake kikasimama katikati ya ukurasa. "Kumi. Mwisho wake kumi. Lakini mbona moduli iliingia vizuri?"

"Umbo ni moja, kasi mbalimbali. Kuingia si kuelewana. Wewe uliona namba kubwa ukaipenda. Soma tena, kadi inaweza kushuka hadi kumi?"

Akasoma kitabu cha kadi mara mbili, maana herufi zilikuwa zikicheza machoni. "Inaweza."

"Basi zote mbili ziwe za kumi. Swichi ilikuja na chochote?"

"Moduli mbili za kumi. Nilizitupa kabatini. Niliona ni za kizamani." Kisha akaokota waya mfupi, mnene. "Na huu wa shaba? Umeandikwa kumi pia."

"Huo una mita tatu. Ni wa seva na swichi zinazokaa kabati moja. Hapo shaba ni nzuri, ni rahisi, haina makuu. Baina ya majengo mawili tumia faiba. Inafika mbali, na radi ikipiga haipitishi umeme kuja kuunguza seva."

Walizitoa zile moduli kabatini. Bi Nyaya akasoma maandishi yake: za mwendo mfupi. Faiba nayo ilikuwa ya mwendo mfupi. Zililingana. Wakachomeka upande wa seva, Mama Pacha akaipangia kadi kasi ya kumi, wakavuka ua, wakachomeka upande wa swichi.

Taa haikuwaka.

Mama Pacha akainama kuichungulia ncha ya faiba.

"Ondoa jicho!" Bi Nyaya alifoka. "Mwanga huo huuoni, ila wenyewe unaweza kukuharibu jicho. Tazama nyuzi. Ziko mbili, mmoja mdomo, mmoja sikio. Umeweka mdomo kwa mdomo. Nani atamsikiliza mwenzake? Zibadilishe upande mmoja tu."

Akabadilisha. Taa ikawaka, kijani. Wakaita picha ya mzee. Ikafunguka kabla Bi Nyaya hajavaa miwani.

Asubuhi, Mama Pacha alisimama mbele ya swichi. Kila daktari alipoita picha, taa ilipepesa. Saa mbili na nusu, inapepesa. Saa tatu, inapepesa. Alipumua pamoja nayo.

Saa tano kasoro robo, taa ikatulia. Haikupepesa tena.

Akagusa waya. Akagusa moduli. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Simu ikalia mfukoni, na alishindwa kuitoa mpaka mlio wa nne.

"Mama Pacha," mumewe alisema, analia. "Wamemaliza. Daktari hahitaji picha tena. Baba anapumua mwenyewe."

Akakaa chini palepale.

Siku hizi, kabla ya kununua hata waya mmoja, Mama Pacha huandika kwenye daftari: kasi ya kadi, kasi ya swichi, umbali kwa mita, aina ya faiba. Hujaribu mpya mezani kwanza. Na waya wa zamani hautoki kwenye bomba mpaka mpya useme.